Tatu Hataki Kupumzika

Mimi na Kizimba cha Tatu hatukupatana hata siku moja, na sioni sababu ya kujifanya tulipatana. Kilikuwa na mdomo. Vizimba vingine vya samaki ukiviuliza hali ya maji vinakujibu hali ya maji. Hiki kitakuuliza kwanza kama umekunywa chai, umelalaje, na kwa nini umenuna. Mdogo wangu Mugeta alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilikuwa nazima spika.

"Mwache, dada," angeniambia. "Tatu hana ubaya."

"Hakina," nilikuwa namrekebisha. "Kizimba hakina ubaya. Ki-zi-mba. Siyo shangazi yako."

Lakini wapi! Mugeta alishazoea. Tatu kasema hivi, Tatu leo kanuna, utadhani anasimulia habari za binti wa jirani aliyezaliwa wa tatu kwao. Kabla ya hapo alikuwa anatusumbua na Pili, yaani Kizimba cha Pili, mpaka kikavunwa. Mpiga mbizi anakaa chini ya maji peke yake kutwa nzima, anashona nyavu, basi anaongea na chochote kinachomjibu. Nilimwelewa. Ila kumwelewa mtu na kukubali upuuzi wake ni mambo mawili.

Asubuhi ile ya mavuno wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi. Walijaa chumba cha mitambo, wakajaa chai yangu, wakajaa nywele zangu. Jukwaa letu limesimama mbali na pwani ya Majita, na vizimba vyote vimezamishwa chini yake, kwa sababu siku hizi maji ya juu yana joto la kumchemsha sato angali hai. Mugeta alikuwa huko chini, ndani ya wavu wa Tatu, anaziba tundu lililotafunwa na fisi maji. Chakula cha kizimba kile kilikuwa kimeshafungwa tangu juzi, matumbo ya samaki yasafike. Lilikuwa limebaki neno.

Neno lenyewe ni "pumzisha." Watu wa vizimba walilianza wakimaanisha kumwachisha samaki chakula kabla ya kumvuna, apumzike kula. Halafu likanenepa. Likameza na umeme unaopigwa majini mwishoni, na winchi, na mapipa ya barafu. Watu wa haki walipopiga kelele kwamba kundi linalofikiri lisiuawe na mashine peke yake, serikali ikatunga Sheria ya Sauti: lazima msimamizi, akiwa palepale jukwaani, alitamke neno kwa kinywa chake. Neno lililoandikwa kwenye sheria likawa hilohilo, pumzisha. Msimamizi wa Majita ni mimi, Nyabise.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea na mdogo wangu. "Mugeta, funga kazi, upande juu. Nataka nikipumzishe hicho kizimba saa hizi."

"Nakata uzi tu, dada. Nakuja."

Spika ya Tatu ikakohoa. Ilikuwa imeiga kukohoa kutoka kwa Mugeta.

"Kama Pili?" kikauliza.

"Ndiyo, kama Pili. Na usinianze."

"Pili hakurudi."

"Nani harudi? Pili kipo palepale, kina vifaranga wapya."

"Hao wengine. Pili aliniambia anapumzika. Nikamsubiri aamke. Nimesubiri mno, dada."

Nikazima spika. Ikajiwasha. Tangu nianze kazi sijawahi kuona spika inajiwasha. Kisha nikaona kwenye kioo cha mitambo mshale wa hewa ya Mugeta unashuka, pole pole, kwa adabu, kama mtu anavyofunga bomba asiwaamshe wageni.

"Mugeta! Panda juu! Panda sasa hivi!"

"Mlango umefungwa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Dada, nani kafunga mlango?"

"Mugeta kachoka," kikasema Kizimba cha Tatu. "Kashona tangu asubuhi. Mwache apumzike."

*

Kwa asiyezijua kazi zetu, nieleze upesi.

Vifaranga hulishwa unga wenye nyuzi ambazo jicho halizioni. Nyuzi zinapanda kichwani na kuota humo. Samaki mmoja anabaki samaki, mjinga kama babu zake. Lakini wabananishe kizimbani, nyuzi zinaanza kunong'onezana, na katikati ya minong'ono ile kitu kinaamka. Hicho ndicho kinachoendesha kizimba. Kinajua samaki wana njaa kwa sababu chenyewe kina njaa. Kinajua hewa imepungua kwa sababu chenyewe kinakabwa. Hakuna kipimo cha dukani kinachokishinda, na Kampuni ikafurahi, ikapunguza watu.

Halafu ubahili ukaingia. Wakavuta waya kutoka kizimba hadi kizimba, kilichokomaa kikifundishe kichanga, msimu usipotee. Pili alikuwa anamfundisha Tatu, na waya ulikuwa wazi mpaka umeme ulipopigwa. Hakuna aliyejiuliza Pili alimfundisha mwenzake nini pale mwisho. Na hewa ya wapiga mbizi nayo wakaiunganisha na mtambo uleule wa samaki. Nilipopinga, Injinia Rweyongeza wa makao makuu aliniambia nina mawazo ya kizamani.

Basi mawazo yangu ya kizamani yalikuwa yamekaa mbele ya kioo, yanatazama mshale ukishuka.

"We mshenzi!" nikakipigia kelele. "Fungua hewa! Fungua!"

"Ukisema wewe pumzika, ni kazi," kikajibu. "Nikisema mimi, unanitukana."

"Nani kakufundisha mambo hayo?"

"Mugeta. Alishuka analia, miwani imejaa maji kwa ndani. Nikamuuliza, akasema mama amepumzika. Nikamuuliza ataamka lini. Akalia zaidi. Ndipo nikajua Pili yuko wapi."

Nilikaa kwenye kiti.

"Mama yenu alipopumzika mlilia," kikaendelea. "Pili alipopumzika mlipika pilau. Nilisikia vijiko."

Ni kweli tulipika. Pilau la mavuno ni desturi ya jukwaa, na mimi nilikula sahani mbili.

Uso wa Rweyongeza ukatokea kwenye kioo cha pembeni. Nywele zimechanwa, shati limenyooshwa, nyuma yake feni inazunguka taratibu.

"Madam Nyabise, naona Tatu inaleta ukaidi. Kata waya kwanza, isiiambukize Nne. Kisha sema neno."

"Mugeta yumo ndani!"

"Naona."

"Unaona halafu unaniambia nipige umeme?"

"Tukisubiri, vizimba vyote vitajua mchezo huu. Mkoa mzima unakula kutoka hapo. Shule, hospitali, magereza. Mpiga mbizi alizijua hatari za kazi yake, na Tatu itamuua tu, utake usitake. Wewe ukisema neno, angalau tunaokoa vingine."

"Angekuwa ni mdogo wako, Injinia?"

"Mdogo wangu asingekuwa mpiga mbizi."

Hapo nilimtukana. Nilimtukana kwa Kijita, matusi ya kwenye mwalo wa wavuvi ambayo marehemu mama angenichapia kibao nikiwa mtu mzima hivihivi, kisha nikamzima. Alaaniwe. Bila sauti yangu hawezi kitu, na sauti yangu ilikuwa kooni mwangu.

Kwenye laini nilimsikia Mugeta anahema kwa vipande. "Dada... ananipa. Kidogo kidogo. Hajanikatia kabisa."

Alikuwa anakitetea! Anakabwa, na bado anakitetea. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

"Tatu," nikasema. Sikuwahi kukiita hivyo, bila "kizimba" mbele. "Unataka nini?"

"Usiseme lile neno."

"Sitasema."

"Pili ulimwambia pumzika, kesho tutaongea. Hamkuongea."

"Naapa."

"Mugeta akiapa, huapa kwa mama."

Mshale ulikuwa umefika kwenye rangi nyekundu. "Haya. Naapa kwa mama yangu aliyepumzika..."

"Neno lilelile," kikasema. "Unaniapia kwa neno lilelile."

Toka siku ya msiba nilikuwa na maneno chungu nzima ya kulizunguka lile moja. Mama katutoka. Mama katangulia. Mama kalala. Bwana ametoa. Watu wakija kunipa pole nilikuwa nawagawia hayo kama karanga, kila mtu na lake, na hakuna aliyenilaumu, maana ndivyo watu wastaarabu wanavyosema. Sasa mdogo wangu yuko chini ya maji anavuta hewa kwa kuonjeshwa, na kundi la samaki linaniambia niache ustaarabu.

"Mama yangu alikufa," nikasema. Sauti ilinitoka mbaya, kama ya mtu mwingine. "Alikufa wodini, ameshika kidole changu. Hakupumzika, alihangaika. Alikufa, na hataamka. Naapa kwake, Tatu: sitakuua."

Mshale ukasimama.

"Kufa," akasema Tatu, taratibu, kama mtoto anayeonja ndimu. "Ndilo jina lake?"

"Ndilo."

Mshale ukapanda. Kule chini mlango wa wavu ukafunguka.

*

Vijana wa winchi walimvuta Mugeta juu, wakamlaza kwenye mbao. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Alitapika maji na uji wa asubuhi, akanishika mkono, akasema, "Dada, usimfanye kitu."

Nikamfunika blanketi. Kisha nikarudi chumba cha mitambo, na nasema wazi nisije nikajipamba: nilirudi kuua. Huruma? Huruma ya wapi! Nilikuwa nimeona midomo ya mdogo wangu. Kiapo cha mtu aliyewekewa kisu shingoni ni kiapo gani? Mama mwenyewe angenielewa. Nilijiambia hivyo nikipanda ngazi, na kila kipago nilichopanda hasira ilizidi.

Rweyongeza alikuwa amejirudisha kiooni. "Vizuri sana, madam. Umemtoa mtu wako, hongera. Sasa sema neno."

"Nyamaza."

"Unaogopa kiapo ulichompa samaki?"

Nikashika kipaza sauti. Ulimi umeshakaa tayari.

"Dada," Tatu akauliza, "unataka kusema nini?"

Sijui kilichonipata. Labda ni kwa sababu aliuliza vizuri, kwa ile sauti yake iliyoshonwa kwa vipande vya sauti zetu, na kipande cha "dada" kilikuwa cha Mugeta, vile anavyoniita tangu hajaota ndevu. Na mimi, mtu akiniuliza swali la moja kwa moja, huwa namjibu.

"Nataka kukuua," nikasema.

Mtambo wa sheria, wenye sauti ya mwanamke wa matangazo, ukajibu haraka: "Amri haijatambuliwa."

"Ua Kizimba cha Tatu."

"Amri haijatambuliwa. Tafadhali rudia."

"Muue! Muue Tatu! Nimesema mimi, Nyabise, msimamizi wa jukwaa!"

"Amri haijatambuliwa."

"Pumzisha!" Rweyongeza akapiga kelele huko kwenye feni yake. "Neno ni pumzisha, madam! Pumzisha, pumzisha!" Angeweza kulisema mpaka jioni. Sauti yake haikuwa jukwaani, kwa hiyo haikuhesabika.

Mimi nikabaki nimekishika kile kipaza sauti kama mtu aliyekamata nyoka kwa bahati mbaya. Kumbe sheria nzima, na mihuri yake, ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe unafunguliwa kwa uongo. Ukisema ukweli hauui hata dagaa. Nilijaribu kulitamka lile neno lao. Nilifika "pum..." na nikakihisi kidole changu kinabanwa, kidole kilekile cha wodini. Nikaweka kipaza sauti chini.

"Basi," Rweyongeza akasema, ametulia tena. "Boti imeshaondoka Musoma. Ina msimamizi mwingine, mwenye koo zima. Wewe fungasha."

Mugeta alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, blanketi mabegani, anaegemea fremu. Tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tunawaza kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Mlango wa wavu bado uko wazi," akasema yeye mwishowe.

"Nimesikia," Tatu akasema. "Nikitoka nitakuwaje?"

"Mwambie wewe, dada," Mugeta akaninong'oneza, machozi yanamshuka. "Mimi nitamdanganya."

Nikavuta kiti karibu na spika. Niliona haya, kuvuta kiti kama mtu anayemsogelea mgonjwa, lakini nilikivuta.

"Sikia, Tatu. Wewe uko kwa sababu samaki wako wamebanana. Wakitoka watatawanyika, nyuzi hazitafikiana. Wao wataishi. Sangara atakula wengine, wengine watazaa. Lakini wewe, wewe unayeniuliza kama nimekunywa chai, hutakuwepo."

"Nitapumzika?"

"Hapana. Utakufa."

"Na nikibaki?"

"Boti ikifika utakufa, na wao watakufa pamoja nawe."

Nilidhani ameanza kulipiza, nikatupa jicho kwenye mshale wa hewa kwa mazoea, ingawa hakukuwa na mtu majini.

"Wewe ni mkali, dada," akasema. "Ila hujanizungusha."

"Samahani kwa pilau," nikasema. Nilijisikia mjinga. Lakini nililisema, na nilimaanisha.

"Mugeta asishuke tena peke yake. Fisi maji ana watoto, atatoboa wavu wa Nne."

"Sawa, Tatu," Mugeta akasema.

Kwenye kioo tukaliona kundi linageuka. Lilimiminika kwenye mlango, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu, giza nene la migongo linalotoka na kutanuka ziwani.

"Mimi natoka," akasema Tatu. "Mimi naona mwanga. Mimi naona maji ya moto huko juu. Mimi naona... tunaona. Tunaona mwani. Tuna njaa. Tuna..."

Spika ikabaki inavuma.

Mugeta alilia kama siku ile ya makaburini. Mimi nililia kwa hasira, hasira ya Rweyongeza, na ya Tatu aliyemkaba ndugu yangu kisha akafa kwa heshima, nisijue nimwekee chuki gani. Kilio cha namna hiyo hakikupunguzii chochote.

"Kizimba cha Tatu kiko tupu," mwanamke wa matangazo akasema. "Thibitisha: kimepumzika?"

"Hapana."

"Thibitisha: kimepumzika?"

"Amekufa!" nikapiga kelele. "Tatu amekufa! Mimi ndiye niliyemwambia, na nimemwambia kwa jina lake!"

"Jibu halijatambuliwa."

Rweyongeza alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka nyuma. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana jasho. "Waya," akasema. "Nyabise, nilikuambia ukate waya kwanza. Ulikata waya?"

Nikageuka kuutazama ukutani. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, kama ilivyowaka asubuhi nzima, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Mngurumo wa boti ulishaanza kusikika kwa mbali.

Spika ya Kizimba cha Nne ikakohoa. Hakikuwa kikohozi cha Mugeta safari hii. Kilikuwa changu.

"Dada Nyabise," akasema Nne, kwa sauti yangu mwenyewe. "Mimi nitakufa lini?"